SOMO LA UFUNDI: NDEGE YA PLASTIKI NA VIPANDE VISIVYOKAA



Somo la mara hii litawachekesha baadhi yenu. Ukurasa huu umezoea hesabu za saa za ziada, likizo, na namna ya kuandika malalamiko yakafika panapohusika. Leo tutaunganisha ndege ya plastiki. Yaani mfano mdogo wa ndege ya kweli, unaouzwa ukiwa vipande vipande ndani ya boksi pamoja na karatasi ya maelekezo, na mnunuzi huketi mezani akaijenga mwenyewe kwa gundi. Huko Ulaya, Marekani na Japani watu wazima wenye wajukuu hufanya kazi hii kwa starehe, baada ya saa za kazi.

Sisi tunayo sababu nyingine. Ndani ya boksi lile mna kiwanda kizima. Yupo aliyechonga kalibu, yupo aliyeendesha mashine, yupo aliyepakia, na wa mwisho kabisa ni yule anayeunganisha. Vipande visipokaa, huyu wa mwisho ndiye anayekutwa na kosa mkononi, na ndiye anayekaripiwa. Kwa hiyo swali tutakalokwenda nalo ni hili: kipande kisipokaa, kosa limezaliwa wapi? Mwenye kuweza kulijibu mezani, juu ya kitu cha kuchezea, ataweza kulijibu hata mbele ya msimamizi.

NDEGE YENYEWE

Boksi tulilotumia katika kikundi chetu hapa Juba ni la kampuni ya Uingereza iitwayo Airfix, na ndege ni Short Sunderland kwa kipimo cha 1 kwa 72. Maana yake kila milimita moja ya mfano ni milimita 72 za ndege ya kweli. Sunderland ilikuwa na mabawa ya mita 34 na ushei toka ncha hadi ncha. Gawanya kwa 72, utapata kama sentimita 48, yaani dhiraa moja na kidogo. Ni mfano mkubwa, na makosa yake nayo ni makubwa, yanaonekana hata na mwenye macho ya uzee. Kwa kufundishia hilo ni jambo jema.

Tuliichagua pia kwa sababu ya mto wetu. Sunderland ni ndege ya kutua majini. Tumbo lake ni mashua. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1937, nayo ni ndege ya kivita. Ndugu yake mkubwa, wa kubeba abiria, aliitwa Empire, akatangulia kuruka mwaka 1936, akitoka katika kiwanda kile kile cha Short Brothers mjini Rochester. Kampuni ya Imperial Airways ilikuwa imefungua safari za Kairo hadi Mwanza mwaka 1931, na Juba ikawa kituo katika njia hiyo ya kusini. Hivyo ndege za tumbo la mashua si hadithi ya mbali kwetu. Mbele kidogo tutaona moja iliyokuwa ikija hapa ikapotelea Kongo.

JINSI KIPANDE KINAVYOZALIWA

Usishike kisu kabla hujaelewa sehemu hii.

Plastiki ya ndege hizi ni polistirini. Huingia mashineni ikiwa chembe ndogo kama mtama. Humo hupashwa moto upitao nyuzi 200, ikawa uji mzito, kisha parafujo kubwa huusukuma uji huo kwa nguvu nyingi ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu ina pande mbili zilizobanwa pamoja. Uji hupita katika mifereji, ukajaza kila tundu, ukapoa. Pande mbili zikaachana, na pini za chuma zikasukuma kazi nje. Ile fremu inayoshika vipande unapofungua boksi ni mifereji yenyewe iliyoganda. Ndugu mnaofanya kazi kwenye viwanda vya madumu, ndoo na viti vya plastiki mnayajua haya kuliko mimi.

Sasa tazama makosa. Pande mbili za kalibu zisipokutana sawasawa, kwa kuwa kingo zimelika, au mbano ni dhaifu, au msukumo umezidi, uji hupenya katikati ukaacha utando mwembamba ukingoni mwa kipande. Sisi tunauita ndevu. Uji ukiwa baridi mno au haukutosha, kipande hutoka pungufu, labda ncha ya panga la propela haipo. Mahali penye unene, plastiki hunywea inapopoa, juu pakabonyea. Kipande kikitolewa kabla ya kupoa vizuri, hupinda. Na zile duara ndogo unazoziona upande wa ndani ni nyayo za pini zilizokisukuma nje.

Hesabu ndogo itasaidia. Polistirini hunywea karibu nusu ya asilimia moja inapopoa. Ni kidogo sana, utasema. Lakini mwili wa Sunderland yetu una urefu wa sentimita 36, na nusu asilimia yake ni karibu milimita 2. Mchonga kalibu analijua hilo, huongeza kipimo mapema. Ila kama ubavu wa kulia umepoa kwa namna moja na wa kushoto kwa namna nyingine, hata robo ya tofauti hiyo yatosha kuleta ngazi unayoisikia kwa ukucha.

Kalibu nazo huzeeka, na huhama. Airfix iliitoa Sunderland hii kwa mara ya kwanza mwaka 1959, ikairudia kwa miaka mingi. Kampuni nyingine ya Uingereza, FROG, ndiyo iliyoanza biashara hii ya vipande vya plastiki mwaka 1936. Vipande vyake iliviita Penguin, kwa jina la yule ndege mwenye mabawa asiyeruka. Plastiki ya siku zile ilikuwa ya asetati, na wenye kuhifadhi vitu vya kale wanajua jinsi inavyojipinda yenyewe kadiri miaka inavyokwenda. FROG ilipokoma miaka ya 1970, kalibu zake nyingi zilipelekwa Urusi ya Kisovieti, zikaendelea kuzaa kwa jina la Novo. Mnunuzi hakuambiwa kalibu ina umri gani. Nasi tumezoea mashine zinazoletwa Afrika Mashariki zikiwa zimekwisha kula chumvi mahali pengine, zikapakwa rangi mpya, na mfanyakazi akaambiwa: mashine ni mpya, wewe ndiwe mzembe.

Angalieni, basi: katika makosa yote niliyoyataja hakuna hata moja linaloanzia mkononi mwa anayeunganisha.

Lakini tuwe wakweli. Yapo yanayoanzia mkononi mwake: kukata kipande kwa pupa hadi kikamegeka, kumwaga gundi, kutosoma karatasi, kushika kazi kabla haijakauka. Mjumbe wa tawi anayemtetea kila mtu kwa kila kosa hatasikilizwa siku ya kosa lisilo la mfanyakazi. Kazi yetu ni kuyatenganisha haya mawili.

VYOMBO

Havitaki fedha nyingi. Kisu chembamba chenye makali au wembe; kikata kucha cha kukatia vipande toka kwenye fremu; tupa ndogo; msasa wa maji namba 400, 600 na 1000, unaopatikana kwa mafundi wanaopaka magari rangi; vibanio vya nguo, raba bendi na selotepu. Kisha gundi.

Gundi ya plastiki ina tabia yake. Ile ya seremala hulala kati ya mbao mbili ikazishikisha. Hii huyeyusha ngozi ya kipande hiki na cha pili, zikachanganyika, halafu dawa hupaa ikabaki plastiki tupu. Mafundi wa kulehemu watanielewa mara moja, maana ndiyo kazi yao, ila bila moto. Yanafuata mambo mawili. Kwanza, mahali pa kuungia pasiwe na rangi wala mafuta. Pili, palipo na mwanya mpana hapalehemiki, kwa kuwa ngozi hazigusani. Anayeongeza gundi ili kuziba mwanya anaharibu kazi: plastiki italainika, itazama, na kidole chako kitaacha alama humo.

Mvuke wa gundi hii unashika moto na unaumiza kichwa. Fungueni madirisha, msivute sigara, msikae karibu na jiko la mkaa. Watoto wakae mbali. Vumbi la msasa nalo si la kuvuta. Ndiyo maana tunasugua kwa maji.

KABLA YA GUNDI

Kwanza osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uziache zikauke kivulini. Kalibu hupakwa mafuta ili kipande kitoke kwa urahisi, na mafuta hayo huikataa gundi na rangi. Kisha hesabu vipande kama mtunza stoo anavyopokea mzigo. Kilichopungua au kuvunjika kiandikwe siku hiyo hiyo. Ukikigundua baada ya wiki, nani atakuamini kwamba hukukipoteza wewe?

Kata kipande ukiacha kishina kidogo, umalizie kwa tupa. Ndevu zikwanguliwe kwa ukali wa kisu kilichosimama wima, usizikate, maana ukikata utachimba ukingo wenyewe.

Halafu fanya jambo ambalo karatasi ya maelekezo haina neno juu yake: jaribu kikavu. Fundi cherehani hapitishi suruali kwenye mashine kabla ya kuipiga bandi. Nawe shikisha mbavu mbili za ndege kwa selotepu na raba bendi, bila tone la gundi, uzungushe mkononi, uangalie juu, chini, puani na mkiani. Jaribu tena ukiwa umeweka sakafu ya ndani na kuta zake. Jaribu tena na bawa. Katika kikundi chetu jaribio kavu la mwili lilichukua jioni nzima, na vijana wawili wakalalamika kwamba hakuna kilichofanyika. Kilichofanyika ni kwamba tuliyajua makosa yote wakati bado yanarekebishika.

MWILI: UFA JUU, KOSA NDANI

Katika jaribio kavu la kwanza mbavu mbili zilikutana vizuri. Tulipoweka sakafu na kuta za ndani, ufa ukatokea mgongoni, mpana wa kuingia ukucha. Mmoja wetu akasema: tubane kwa nguvu, gundi itashika. Mwingine akasema: tuujaze pati. Wote wawili waliutazama ufa. Tukaondoa vipande vya ndani kimoja kimoja na kufunga tena kila mara; kilipotoka ukuta wa tatu, ufa ukafumba. Ukuta ule ulikuwa na ndevu pande zote mbili, zikiusukuma ubavu nje. Dakika tano za tupa zikamaliza maneno. Kama tungebana kwa nguvu, gundi ingeshika kweli, ikakaa na mkazo ndani yake, na siku ya joto mgongo ungepasuka. Hapa Juba siku za joto hazihesabiki.

Hapo nitatoka nje ya meza kidogo. Miaka kadhaa iliyopita, katika kiwanda kimoja cha kujaza maji ambacho sitakitaja, katoni zilianza kurudi toka madukani zimelowa. Uongozi ukasema wafungaji wa vizibo hawakazi. Wakakatwa mshahara wa siku mbili kila mmoja, na wengi wao ni akina mama wanaolipa karo kwa fedha hiyo hiyo. Mjumbe wa tawi akaja akitaka tumwandikie barua kali. Tukamwambia barua ingoje, aanze na vizibo. Ndani ya kizibo cha chupa ya plastiki aghalabu mna namba ndogo. Ni namba ya tundu la kalibu lililokizaa, maana kalibu moja huzaa vizibo vingi kwa mpigo mmoja. Akina mama wakakusanya vizibo vya chupa zilizovuja, wakavipanga juu ya gunia namba kwa namba. Karibu vyote vilikuwa vya tundu moja. Ukipitisha kidole mdomoni mwake, unazisikia ndevu. Vizibo vyenyewe vilinunuliwa toka nje. Hapakuwa na mtu Juba aliyehusika na kuzaliwa kwake. Gunia lile liliwekwa juu ya meza ya ofisi jinsi lilivyo. Fedha zilirudishwa, kwa mafungu mawili, bila neno la samahani.

Barua yenyewe ilikuja kuandikwa, nayo ilikuwa fupi. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa mishahara, unasema katika kifungu cha 8 kwamba makato yaruhusiwe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au mapatano ya pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Kwa jirani zetu Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Liangalieni neno makusudi. Nani alikusudia ndevu za kizibo?

Turudi mezani. Ubavu uliopinda haunyooshwi kwa kubana. Tia maji ya moto kwenye beseni, yale ambayo mkono hauvumilii lakini hayachemki, kwa sababu polistirini hulegea ikikaribia nyuzi 100 na ikilegea mno utapoteza umbo lote. Kizamishe kipande dakika moja au mbili, kikunje taratibu kupita kidogo ulipotaka, kwa kuwa kitarudi nyuma, kisha kitie katika maji baridi. Jaribu kikavu. Rudia.

Mwili mrefu usiunganishwe wote kwa mara moja. Anzia puani, sentimita tano au sita, kaza kwa selotepu, acha ishike hata kesho. Halafu sogea mbele kidogo, ukisawazisha kwa vidole unapokwenda. Kile kilichokuwa ngazi ya milimita moja kikigawanywa hivyo katika urefu wote huwa si kitu. Vile vipini vya kuongozea, vinavyoingia kwenye matundu ya ubavu wa pili, visiabudiwe. Vingi vimekaa upande. Kipini kikilazimisha ngazi, kikate, uongozwe na ncha ya kidole. Kidole husikia tofauti ambayo jicho halioni.

MABAWA

Hapa ndipo watu hukata tamaa. Bawa likiingia mwilini huacha mwanya juu, au chini, au pande zote. Kabla ya kufikiri juu ya pati, uliza tena swali letu. Je, mdomo wa bawa una ndevu? Je, mwili umebanwa ukawa mwembamba kuliko ulivyokusudiwa? Kama ni mwili, kata kijiti toka kwenye fremu tupu, ukitie ndani ukivuka toka ubavu hadi ubavu kama mwamba wa paa, kiusukume mwili nje hadi ukutane na bawa. Fanya hivyo kabla hujafunga mgongo. Ndiyo faida nyingine ya kujaribu kikavu.

Mwanya ukiwa ni wa kweli, ujazwe kwa plastiki. Vikombe vingi vya maziwa ya mtindi hutengenezwa kwa polistirini. Dondoshea gundi kidogo, kikilainika na kunata ndicho chenyewe. Kata ukanda mwembamba, uusukume mwanyani, tia gundi, ukikauka uukate usawa wa bawa. Ndugu zetu wa mashambani na wa misitu ya mitiki kule Yei wanalijua jambo hili kwa jembe na shoka: mpini ukicheza tunachonga kabari ya mti ule ule tukaipigilia, na mpini ukikataa kuingia tunachonga mpini, hatupanui tundu la chuma. Unachonga kile kinachochongeka, na unajaza kwa kitu cha jinsi moja.

Mabawa yote mawili yawe na mwinuko sawa. Pima toka mezani hadi ncha ya kila bawa, egemeza kwa vitabu au vibiriti, acha usiku kucha. Usiamini jicho lako saa nne za usiku baada ya zamu.

Pati ni ya mwisho. Inafaa kwa mikwaruzo, mibonyeo na nyufa nyembamba kama unywele. Hunywea ikikauka, hivyo paka tabaka jembamba, ngoja, paka la pili. Unaweza kuitengeneza mwenyewe: katakata fremu tupu vipande vidogo, vitie katika kichupa chenye gundi ya maji maji, funga, acha hadi kesho, utapata uji wa plastiki ile ile. Uji huu ukikauka husuguliwa sawasawa na ndege yenyewe, usiwe mgumu hapa na laini pale. Ila huchukua siku kadhaa kukauka mpaka ndani. Mwenye haraka ataona mfereji ukitokea chini ya rangi yake. Sugua kwa maji, msasa namba 400, kisha 600, kisha 1000. Paka rangi nyepesi ya kujaribia juu ya kiungo, uishike ndege kandokando ya taa. Ufa uliojificha utajitaja.

Vioo vya madirisha visiguswe na gundi ya kuyeyusha, wala supaglu, ambayo mvuke wake huviachia ukungu mweupe. Tumia gundi nyeupe ya seremala. Inakauka ikawa angavu, na ikikosewa inaoshwa kwa maji.

ILE ILIYOPOTEA NJIA YA JUBA

Niliahidi. Tarehe 14 Machi 1939 ndege ya Empire iitwayo Corsair iliondoka Uganda ije Juba. Nahodha alikuwa Alcock, ndugu wa yule John Alcock aliyevuka Atlantiki kwa ndege pamoja na Brown mwaka 1919. Chombo cha redio cha kutafutia mwelekeo kiliipotosha, mafuta yakakaribia kwisha, ikatua katika mto Dungu karibu na Faradje, Kongo ya Wabelgiji wakati ule, kama kilomita 250 kusini-magharibi ya hapa. Iligonga mwamba, tumbo likatoboka. Hakuna aliyekufa.

Mafundi waliletwa toka Uingereza, wakatia viraka tumboni pale pale porini. Julai 1939 wakajaribu kuirusha. Ikagonga tena. Hapo wakauliza swali tulilo nalo. Kutia kiraka juu ya kiraka kusingetosha. Mto ulikuwa mfupi na haukuwa na kina. Basi wakajenga bwawa ili maji yapande. Kijiji kizima kilizaliwa kando ya kazi hiyo, kikaitwa Corsairville. Tarehe 6 Januari 1940, baada ya karibu miezi kumi, Corsair iliruka.

Majina ya marubani yameandikwa vitabuni. Majina ya Wakongo waliobeba mawe na udongo wa bwawa lile sijayaona popote, wala sijaona walilipwa nini. Mwenye mzee upande wa Faradje au Aba aliyesimuliwa habari hizo na babaye, na amwombe asimulie tena, ayaandike, atuletee.

KAZI YA KIKUNDI

Watu watano au sita kwa boksi moja wanatosha. Boksi likikosekana, somo hufanyika kwa vizibo vya chupa, kwa ndoo na kifuniko chake, hata kwa kiti cha plastiki kilichovunjika. Tafuteni ndevu, mibonyeo na nyayo za pini, mkiandika kila moja imetoka wapi.

Mmoja awe karani. Karatasi iwe na safu nne: kipande, kasoro, kasoro ilikozaliwa, na dawa iliyotumika. Safu ya tatu ijazwe baada ya mabishano, na penye kosa la mkono wa mwunganishaji liandikwe hivyo hivyo bila aibu.

Kisha jadilini haya. Katika kazi yako, ni kasoro gani hukatwa mshahara? Kasoro hiyo ina namba, tarehe au alama yoyote inayoonyesha ilikotoka, kama ile namba ndani ya kizibo? Nani huruhusiwa kuiona alama hiyo, na tangu lini?

Fremu tupu msizitupe. Zikusanyeni kwenye kopo lenye kifuniko. Ndizo pati ya ndege itakayofuata.